Nauli ya Homa Bay

Afya yangu nimezoea kuipima kwa nauli. Unatoka Migori mjini kwa matatu, unapita Awendo ukinusa molasi ya kiwanda cha sukari, unashuka Rongo. Hapo unatafuta gari la kupitia Rodi Kopany, na ukifika Homa Bay unachukua boda mpaka getini. Kwenda na kurudi, kama kondakta hajapandisha bei kwa sababu ya mvua au siku ya soko, ni shilingi mia tisa. Kutoka nyumbani kwetu hadi zahanati ya karibu ni dakika kumi kwa miguu, na miguu hailipishi.

Kwa miaka mitatu, kila baada ya miezi mitatu, nililipa zile mia tisa kufuata chupa ya PrEP, vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU. Kidonge kimoja kwa siku. Sina virusi, na ningependa ibaki hivyo. Mimi ni mwanaume ninayependa wanaume, na nauza simu na vifuniko vya simu kwa kibanda cha mtu. Mia tisa kwangu si pesa ya kuchezea.

Zahanati ya karibu ina vidonge hivyo hivyo, kwa chupa ile ile, na ni bure. Shida ni kwamba mama yangu ndiye anakaa mezani. Yeye ni mama mshauri: mwanamke anayeishi na virusi, aliyefunzwa kuwapokea wenzake, kuwaeleza dawa, kuwatafuta wakipotea. Kila kadi inapita mikononi mwake kabla ya kufika kwa daktari. Ningemwambia nini? Kwamba najikinga na nani?

Ukitaka kuelewa kwa nini swali hilo lilikuwa na uzito wa kilomita zote hizo, lazima kwanza nikueleze safari yake yeye.

Baba alikufa 2004. Alikonda, akakohoa, akawa mweusi wa kung'aa, na wazee wakasema ni chira. Kama hukulia upande wetu, chira ni ule ugonjwa wa kukauka unaompata mtu aliyevunja mwiko. Ulikuwa na dawa zake za kienyeji, na zaidi ya dawa ulikuwa na mashtaka: ukikonda, kuna kitu ulifanya. Virusi vilipofika kwetu vikapewa jina la Kijaluo, ayaki, yaani kitu kinachopora. Lakini wengi waliendelea kusema chira, kwa sababu chira kilikuwa na mtu wa kulaumiwa.

Mathe alipimwa 2006. Dawa zilikuwa zimeanza kupatikana bure kwenye hospitali za serikali, lakini hakuchukua Migori. Kwa miaka minne alisafiri hadi Kisii, kaunti ya watu wengine, lugha nyingine, mahali ambapo hakuna mtu angemwita kwa jina la mtoto wake kwenye foleni. Vidonge alivitoa kwenye chupa akaviweka kwa mkebe wa Kimbo, ndani ya unga, ili visilie akitembea. Mimi nilijua yote hayo nikiwa kidato cha pili, siku aliyonikalisha chini akaniambia. Kabla ya hapo nilidhani anaenda Kisii kununua ndizi, kwa sababu kila mara alirudi na ndizi.

Leo anatembea dakika kumi. Wagonjwa wanamsalimia sokoni, na kanisani amewahi kusimama mbele na kusema hali yake, watu wakapiga makofi. Virusi havikubadilika. Kilichobadilika ni watu. Akina mama walianza kukaa vikundi na kusema majina yao. Dawa zikasogezwa hadi zahanati za vijijini, waganga wa kliniki wakafunzwa, na ugonjwa ukaacha kuwa hukumu. Umbali kati ya mama yangu na kidonge ulikuwa umetengenezwa na watu, na ni watu waliouvunja.

Upande wetu hatuhitaji profesa wa kutufundisha kwamba maisha ya mtu ndiyo yanamfanya mgonjwa. Tulijifunza kwa maiti. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, karibu mtu mmoja kati ya watano. Migori ilikuwa asilimia 13. Damu ya watu wa ziwani haina tofauti na ya watu wa Nyeri, kwa hiyo tofauti hiyo lazima itafutwe kwengine. Kila mtu aliyekulia karibu na fuo zetu anajua jaboya: mwanamke anayetaka kuuza samaki anampa mvuvi mwili ndipo apate samaki. Mahubiri ya kujizuia hayakuwahi kumpa yule mama samaki. Mashua yake mwenyewe ndiyo ilimpa, na mahali akina mama walipopata mashua zao, waliacha kulala na wavuvi kwa ajili ya kapu la samaki. Hilo tunalielewa vizuri sana. Hatumwambii mama wa omena kwamba ugonjwa wake ni tabia yake.

Lakini mbele ya mtu kama mimi, watu wale wale husahau walichojifunza. Tunarudishwa kwa chira. Ukikonda, kuna kitu ulifanya.

Sheria inasaidia kusahau. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na Waingereza, kinatoa kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 165 kinatoa hadi miaka mitano kwa wanaume wawili, hata wakiwa faraghani. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta. Nakumbuka tarehe hiyo kwa sababu Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki siku tatu kabla. Ndiye mwandishi aliyejitangaza kuwa shoga mwaka 2014, kisha Desemba Mosi 2016, Siku ya Ukimwi Duniani, akasema pia anaishi na virusi, na kwamba ana furaha. Kwa kijana aliyekuwa anasoma kwa simu ndani ya blanketi, lile neno furaha ndilo lilikuwa geni.

Halafu Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ikasema, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki zetu. Uamuzi ulihusu usajili tu, vifungu vya adhabu havikuguswa. Ila kwa redio za kwetu ilikuwa kama Kenya imefungua milango ya Sodoma. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaandaa Mswada wa Kulinda Familia wa 2023, wenye adhabu kali kuliko zile zilizopo. Mswada huo haukuwa sheria. Hata hivyo ulifanya kazi yake. Pale kibandani redio ilikuwa wazi siku nzima, wateja wakichangia, na mimi nikiwekea watu kioo cha simu huku nasikiliza kama nastahili miaka kumi au zaidi. Mmoja akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamwambia kioo chake ni mia tatu.

Hiyo ndiyo kazi nyingine ninayofanya, ambayo hailipwi. Kuangalia sauti yangu isipande. Kukumbuka ni msichana gani nilimtaja mara ya mwisho nikiulizwa kuhusu ndoa. Kutumia maneno yasiyoonyesha kama ni mwanaume au mwanamke, na hapo namshukuru Mungu kwa Kiswahili, maana "yeye" imeniokoa mara nyingi. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer, kule Marekani, alieleza kwamba watu wa jamii ndogo zinazodharauliwa hubeba msongo wa ziada juu ya ule wa kila mtu: ubaguzi wenyewe, kuutarajia, kujificha, na mwisho kuanza kuyaamini yale unayosemwa. Msongo huo haukai kichwani pekee. Unaingia kwenye usingizi, kwenye tumbo, kwenye chupa ya pombe. Mimi nilisaga meno usiku hadi jino moja likapasuka. Daktari wa meno akaniuliza kama nina mawazo. Nikasema ni biashara.

Kwa hiyo mia tisa za Homa Bay hazikununua vidonge, maana vidonge ni bure. Zilininunulia nyumba ya kawaida isiyo na kibao, yenye sebule, chai, mandazi, na mganga ambaye swali lake la kwanza halikuwa kuhusu nililala na nani. Aliuliza, "Unalala?" Serikali yenyewe ilijua nyumba kama hizo zipo. Miongozo ya Wizara ya Afya inatutaja kama kundi linalohitaji huduma maalum, kwa sababu ya hatari tuliyo nayo. Serikali moja, mikono miwili. Mkono mmoja unanipa kidonge, mwingine umeshika pingu, na mimi natakiwa nitembee katikati bila kutoa jasho.

Pale ndani ndipo nilipoona kwamba hadithi yangu ni ya mtu mwenye bahati. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Mbita, anayeishi na mwanamke mwenzake kwa jina la "binamu", ambaye hakuwa amepimwa saratani ya mlango wa kizazi hata mara moja. Kila alipoenda aliulizwa mume yuko wapi na anatumia njia gani ya kupanga uzazi, na akisema hana mume anaanza kuhubiriwa. Akaacha kwenda. Kulikuwa na mwingine ambaye kitambulisho chake kina jina la kiume na yeye amevaa rinda. Kwake hofu kubwa ilikuwa ile sekunde ya jina kuitwa kwa sauti na benchi zima kugeuka. Ya kipimo chenyewe aliiweza. Malaria ikimshika, ananunua dawa dukani na kukisia dozi.

Na kulikuwa na beste yangu. Jina lake halitaandikwa hapa, basi nitamwita hivyo tu, Beste. Ni kinyozi, ana mkono mwepesi, anaweza kukuchekesha hadi wembe ukae hewani. Yeye ana virusi tangu akiwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa anameza dawa vizuri mpaka virusi havikuonekana kwenye kipimo, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mpenziwe. Msimu ule wa mswada, mjomba wake alipekua simu yake. Wiki hiyo hiyo simba yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujenga kwenye boma la babake, ilivunjwa mlango, na yeye akaambiwa asionekane tena Ndhiwa. Akahamia chumba kimoja mjini Homa Bay. Kutoka hapo hadi kwenye ile nyumba yenye chai ilikuwa mwendo wa nyimbo mbili za simu. Nadhani ukaribu huo ndio uliomweka hai mwaka ule.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Ofisi iko Washington, mlango uliofungwa uko Homa Bay. Tulipata ujumbe wa WhatsApp: kituo kimesimama, nenda hospitali yoyote iliyo karibu nawe. Baadaye ikasemekana dawa za kuokoa maisha zimeruhusiwa, na ndivyo ilivyokuwa, ila kwenye msamaha wa Februari PrEP ya pesa hizo iliachiwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Nilisoma maneno hayo mara mbili. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa chini akapanga ni mwili wa nani unastahili kukingwa, na wangu haukufika kwenye orodha.

Beste hakuwa kwenye shida hiyo, kwa karatasi. Dawa zake zilikuwepo hospitali ya kawaida. Akaenda na barua yake ya kuhamishwa. Kwenye dirisha, mhudumu akaisoma, akaona inatoka wapi, akamwita mwenzake aje aione. Hakuna aliyemtukana. Waliangaliana tu, na mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa benchi, "Kwani hawa wa pale sasa tumeletewa sisi?" Beste akasema anaenda chooni. Akatoka na geti.

Ukiangalia daftari la hospitali hiyo utakuta mgonjwa aliyepotea. Ripoti itasema hakufuata matibabu. Hakuna safu ya kuandika jinsi benchi lilivyogeuka.

Aliniambia Mei, na aliniambia kwa sababu niliona. Alikuwa amekuja Migori kunitembelea, shati limemning'inia, anakohoa kwa mkono uliokunjwa. Miezi mitatu bila dawa. "Omera," akaniambia, "si kwamba nataka kufa. Sitaki tu kuitwa pale dirishani." Akacheka. Mimi sikuweza.

Mathe alimwona pia, alipompitishia uji. Amekaa mezani pale zahanati miaka kumi na kitu, na macho yake yanasoma shingo ya mtu kabla mtu hajaketi. Jioni, Beste akiwa amelala, alikuwa nje anachambua omena kwenye ungo, akitoa mawe. Nikakaa karibu naye.

"Rafiki yako ana kadi?" akauliza.

Nikasema anayo.

"Mwambie Alhamisi aje. Mimi ndiye niko mezani." Akatupa kijiwe. "Nilienda Kisii miaka minne, nyathina. Najua vile mtu hukaa akitoka mbali." Akaendelea kuchambua, kisha bila kuinua uso akasema, "Na wewe hiyo nauli umekuwa ukitoa wapi?"

Sikujibu. Hakurudia swali. Tulichambua omena mpaka giza likatufanya tusione mawe.

Alhamisi Beste alienda. Mathe alimwita kwa namba, si kwa jina, kama anavyowaita wote. Makohozi yakapimwa, ikawa kifua kikuu. Akaanza vidonge vya miezi sita, kisha akarudishwa kwenye dawa zake za virusi. Alilala kwetu wiki tatu. Jirani alipouliza huyu ni nani, Mathe akajibu, "Ni mgonjwa wangu," kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya swali la pili. Sasa amerudi Homa Bay, amepata kilo, na kila mwezi anapanda gari kuja Migori kuchukua dawa. Yaani ile safari yangu, kinyume. Nauli ni ile ile.

Mimi sasa nina kadi pale zahanati. Siku yangu ikifika, Mathe husimama akasema anaenda kununua salio, na muuguzi mwingine hukaa mezani mpaka nitoke. Hatujawahi kulizungumza zaidi ya vile. Sijui kama tutalizungumza. Kuna wanaosema upendo lazima utamkwe, na huenda kwao ni hivyo. Mimi naona mama yangu akisimama nje ya lango la zahanati, juani, na simu yenye salio tele, na naelewa.

Lakini sitaki usome hadithi hii uone mambo yamekaa sawa. Beste yuko hai kwa sababu alikuwa na rafiki mwenye mama wa aina hiyo. Hiyo ni bahati, na bahati haiwezi kuwa mpango wa afya wa kaunti mbili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kinasema kila mtu. Hakisemi kila mtu mwenye mume wa kumtaja, mwenye jina linalolingana na rinda, mwenye mama mezani. Yule dada wa Mbita bado hajapimwa. Nilimwuliza juzi, akaniambia ataenda Kisumu akipata nauli.

Na meza yenyewe haina uhakika. Marupurupu ya akina mama washauri pale kwetu yalitoka kwenye fungu lile lile la misaada, na tangu mwaka uanze Mathe hajalipwa. Anaenda hivyo hivyo, Jumatatu mpaka Ijumaa, na shali yake na kalamu mbili. Nilimwuliza ataendelea mpaka lini. Akasema bado kuna wawili anaowatafuta, mmoja wa Nyatike na mmoja wa Rongo, waliokuwa wakichukua dawa kule kwa ile nyumba ya chai, na hawajaonekana mahali popote tangu Februari. Ana namba zao. Zinaita bila kushikwa. Wiki ijayo anataka nimpe mia tisa.